Kona ya Krenki

Ukuta unaotenganisha duka langu la kushona na karakana ya Unywele ni wa mabati, tena mabati mepesi. Kwa miaka kumi na sita nimesikia kila kitu. Akipiga chafya nasikia, chuma kikilia nasikia, umeme ukikatika na yeye akaanza kutukana nasikia tusi moja baada ya jingine. Yeye naye amenisikia nikigombana na wateja wanaopimwa wakiwa wembamba, wakanenepa wakati wa kungojea, halafu wakasema nimekosea mimi. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuambiwa na mtu wa njiani.

Unywele si jina alilopewa na mama yake. Tulimpa sisi wa safu hii ya maduka, kwa sababu ukimwuliza kazi yako imefika wapi, ataishika, ataizungusha mwangani, atafinya jicho moja, kisha atasema, "Bado unywele." Ni mkereza vyuma, anayevizungusha kwenye mashine na kuvichonga. Ukimpelekea bawaba ya geti iliyolika, atakutengenezea bawaba ambayo geti lenyewe halistahili. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye weusi wa oili uliokwisha kuingia kwenye mistari ya viganja na hautoki tena. Mkewe alirudi kwao siku nyingi. Alipokuja kuniaga aliniambia hawezi kuzeeka na mwanamume anayesikiliza kuta.

Nilijua anamaanisha nini. Mara mbili tatu kwa wiki, kama saa nne asubuhi, mashine ya upande wa pili ilikuwa ikinyamaza ghafla. Kisha kidole kilikuwa kinagonga bati.

"Jirani, hebu simamisha cherehani."

Nilikuwa nasimamisha.

"Umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Injini. Ya pistoni moja. Inagonga."

Hakukuwa na injini. Kulikuwa na kuku wa muuza chai na redio ya kinyozi. Nilikuwa namwambia hivyo, naye alikuwa anasema ahsante, lakini ilipita robo saa nzima kabla mashine yake haijaanza tena. Mwanzoni nilicheka. Baadaye sikucheka tena, maana na mimi nilianza kujikuta nimesimamisha cherehani bila kuombwa, natega sikio.

Tena alikuwa na jambo jingine. Akija kwangu kunywa chai, hakuketi hata siku moja upande wa gurudumu la cherehani. Ni gurudumu la kukanyaga kwa mguu, halimdhuru hata paka, lakini yeye alikuwa anazunguka meza nzima, anakanyaga vitambaa vyangu, anakwenda kukaa upande wa pili. Na krenki alikuwa hafanyi. Krenki ni ule mhimili wenye kiwiko ndani ya injini, pistoni inausukuma na wenyewe unazunguka. Watu walikuja nazo kutoka mbali kwa sababu walisikia habari za mkono wake. Aliwarudisha wote. "Bushi nafanya, puli nafanya, nati nafanya," alikuwa akisema. "Krenki sifanyi." Mtu akishikilia sana, Unywele alikuwa anatoka nje na kumwacha peke yake na chuma chake.

Sote tulijua mdogo wake aliuawa na injini. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka nyuma ya nyumba yake, injini ndogo ya zamani ya dizeli, na siku moja krenki ikakatika ikiwa kwenye mwendo. Lile gurudumu zito la ubavuni likachomoka, likampiga kifuani, likatoboa na ukuta. Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Tulidhani ndiyo sababu Unywele hataki kuziona krenki, na tukamwacha na huzuni yake.

Mwaka huu akaja shemeji yake, mjane wa yule mdogo wake. Alikuja kwa miguu, amebeba begani kitu kizito kilichofungwa kwa turubai, na alipokitua kwenye benchi ya Unywele bati letu lote lilitetemeka. Nilichungulia. Nitasema uongo kwa nini? Kuna tundu la msumari, nalo lilikuwepo kabla yangu.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Hiki nini?"

"Krenki. Injini yetu sasa ina krenki. Nimeipata kwa wauza vyuma chakavu, imetoka kwenye injini ya aina ile ile. Lakini kiwiko kimechubuka."

Unywele hakukifungua.

"Mwenye mashine ya kusaga ya umeme amehama," yule mama aliendelea. "Watu wanatembea saa nzima na debe kichwani. Na mimi nimechoka kuishi na injini iliyokufa nyuma ya nyumba. Kila nikianika nguo inanitazama. Nataka iwake."

"Ataiendesha nani?"

"Mimi."

"Shemeji, krenki sifanyi siku hizi. Mjini kuna..."

"Marehemu alikuwa akisema krenki ni ya kaka tu. Siendi kwa mwingine." Akajifuta jasho kwa upindo wa kitambaa. "Utaniita ikiwa tayari."

Angewezaje kumkatalia? Angetaja sababu gani? Aliondoka, na Unywele akakaa mbele ya ule mzigo mpaka kinyozi akafunga duka.

Kesho yake alianza. Kwa kazi yenyewe sina la kumsuta. Aliiosha ile krenki kwa mafuta ya taa, akaiacha ilowe, akaifuta ikakauka, kisha akaja kuniomba chaki yangu ya kuchorea vitambaa. Akaisaga unga na kuinyunyizia krenki nzima mpaka ikawa nyeupe kama iliyopakwa poda. Akanieleza kwamba chuma kikiwa na ufa, hata mwembamba usioonekana, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari juu ya chaki. Tukangoja. Alikuwa amepiga magoti, uso karibu na chuma, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Mstari haukutokea. Akaisafisha, akanyunyizia chaki upya, akangoja tena. Akafanya hivyo mara sita kwa siku nne, na chaki yangu yote ikaisha.

Halafu akaifunga kwenye mashine ya kukerezea. Si kazi ndogo, maana kiwiko kiko pembeni na mhimili wote unayumba ukizunguka, ikabidi aufungie kipande cha chuma upande wa pili ili uzito ulingane. Akakata taratibu, akapima, akakata. Mikwaruzo ikaisha. Kiwiko kikang'aa. Na kila Alhamisi shemeji yake alipopita kuuliza, nilisikia kupitia ukutani, "Bado unywele, shemeji."

Alhamisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nilijua anamdanganya. Mashine yake ilikuwa kimya wiki nzima. Alikuwa akikaa na ile krenki magotini, amevaa miwani, anapitisha ukucha kwenye kona, pale kiwiko kinapokutana na bega la chuma. Anapitisha, anarudia. Na saa nne alikuwa anagonga bati kila siku sasa, si mara mbili kwa wiki tena.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, mzee wangu. Kunywa chai."

Siku ile yenyewe nilikuwa nagombana. Binti mmoja alikuwa ameniletea gauni aliloshonewa kwingine, limechanika kwapani mara ya pili, akitaka nimshonee tena pale pale. Nikamwonyesha. Aliyelikata alikuwa ameingiza mkasi moja kwa moja akageuza kona kali kama ya sanduku. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo watu husema ni ya ugomvi, "Mwanangu, nitashona mpaka nizeeke na litachanika hapo hapo. Kwapa halikatwi kona. Kwapa linazungushwa. Ukiacha kona, nguvu yote ya mkono inakwenda kukaa pale, na siku moja linaachia."

Binti akaenda zake. Nilipogeuka Unywele alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

"Hata chuma," alisema.

"Hata chuma nini?"

Akazunguka meza kama kawaida yake, akaketi, akaniambia. Aliniambia bila kunitazama, akinyoosha kipande cha bitana juu ya goti lake, akikinyoosha na kukinyoosha.

Ile krenki iliyokatika, yeye ndiye aliyeikereza, wiki mbili kabla. Kwenye kila krenki, pale kiwiko kinapokutana na bega, waliotengeneza huacha kona ya mviringo, ndogo tu kama ukingo wa kifungo. Macho hayaipendi, maana inaonekana kama kazi haijamalizika. Mdogo wake alikuwa amenunua beringi mpya, na zilipowekwa hazikukaa vizuri, kingo zake zilikuwa zinagusa ule mviringo. La kufanya lilijulikana. Unachukua tupa, unalainisha kingo za beringi, basi. Lakini yeye aliitazama ile kona na haikumpendeza. Akanoa kisu cha mashine kikawa na ncha kali, akauondoa mviringo wote, akaiacha kona safi, mraba kabisa.

"Ilikuwa nzuri," alisema. "Jirani, hujaona kona nzuri kama ile. Nilimwita aje aione. Akaniambia, kaka, wewe ni fundi."

Niliweka mkasi chini.

"Baada ya msiba nilikwenda mwenyewe kuokota vipande. Imekatika pale pale kwenye kona. Imekatika safi kama mkate. Watu wakasema injini ilikuwa imezeeka, siku yake ilifika. Nikasema ndiyo. Nikavichukua vipande nikaenda kuvitupa mtoni, na sijawahi kumwambia mtu."

"Na hii ya sasa?"

"Nimeacha mviringo. Nimeupima mara mia. Iko sawa." Akaweka kile kitambaa mezani. "Lakini yule mama atasimama mahali alipokufa mumewe, kwa sababu anauamini mkono wangu. Nikimpa nikiwa nimenyamaza, nimemwua wa pili hata kama haikatiki."

Hapo hasira zilinipanda. Ningependa kusema nilimhurumia, na nilimhurumia, lakini baadaye. Wakati ule nilimwambia kwamba kama anajua hivyo vyote kwa nini ananiambia mimi mshona magauni, na kwamba Alhamisi ikifika, ama atasema yeye ama nitasema mimi kupitia ukutani, maana bati hilo linapitisha pande zote mbili. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani ndilo alilokuja kulitafuta.

Alhamisi shemeji alikuja, akauliza, na Unywele hakusema bado unywele. Alisema, "Keti, shemeji." Nilisimamisha cherehani bila kuambiwa. Alimweleza yote, na kona, na beringi, na vile vipande vya mtoni, kwa maneno karibu yale yale aliyonipa mimi. Sauti yake ilikatika mara moja tu, alipofika kwenye "kaka, wewe ni fundi."

Nilingoja kilio. Nilingoja kofi, tusi, kitu. Kupitia tundu la msumari nilimwona yule mama amekaa juu ya kigoda, mikono imelala mapajani, kama mtu anayehesabu kitu kirefu kichwani.

"Kwa hiyo ilikatika kwa sababu ya kona," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Si kwa sababu nyingine."

"Hakuna nyingine, shemeji."

"Krenki hii imekwisha?"

"Imekwisha."

"Njoo uifunge Jumatatu."

Akasimama, akaondoka. Hakuaga. Unywele alibaki ameinua mkono nusu, kama aliyetaka kumzuia.

Alifunga injini kwa siku mbili, na siku ya tatu, kabla hajaenda kuiwasha, alikuja kunisihi tufuatane. Alisema anahitaji mtu wa kumsaidia kubeba spana. Spana zenyewe zilikuwa tatu. Nikafunga duka, nikaenda.

Banda la mashine lilikuwa nyuma ya nyumba, la mabati kama letu, na ukutani kulikuwa na kiraka cha bati jipya kidogo, duara, kwenye kimo cha kifua cha mtu. Sikuhitaji kuelezwa. Injini ilikuwa imepigwa grisi na kufutwa, ndogo kuliko nilivyoifikiria. Nilikuwa nimeipa kichwani ukubwa wa tembo. Yule mama alikuwa amejifunga kiunoni, nywele amezifunika, hendeli ya kuwashia iko mkononi.

"Shemeji," alimwambia Unywele, "simama pale."

Alinyoosha kidole kwenye upande wa gurudumu, chini ya kile kiraka.

Mimi nikasema, "Jamani, mama..." Hakunigeukia.

Unywele akaenda akasimama. Mwanamume aliyekuwa akilikimbia gurudumu la cherehani alisimama pale, mgongo kwenye kiraka, gurudumu la chuma zito mbele ya kifua chake, karibu kuligusa. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni na hakulifuta.

Mama akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikakataa. Akazungusha tena kwa nguvu za mwili mzima, akaachia vali, na injini ikashika. Tu, tu, tu, tu. Udongo ukaanguka kutoka paani. Niliutambua ule mlio. Nakuapieni, nilikuwa sijawahi kuusikia na niliutambua.

Kisha akashika mkono wa mafuta na kuusukuma. Injini ikapanda. Akausukuma tena, mpaka mwisho, mpaka mabati yakawa yanalia na gurudumu halionekani kuzunguka tena, limekuwa ukungu tu. Unywele alifumba macho. Nilimwona akisema kitu lakini sikusikia ni nini, na nikaziba uso kwa viganja kwa sababu sikutaka kuona. Krenki ilishika. Ilishika muda mrefu sana, halafu mlio ukashuka, na nilipotazama yule mama alikuwa ameurudisha mkono wa mafuta chini na injini inaunguruma polepole.

"Siku ile niliusukuma mpaka hapo," alisema.

Unywele alifumbua macho.

"Foleni ilikuwa ndefu, nilitaka kumaliza nikapike. Yeye alisema punguza. Mimi nikaongeza. Nikaongeza, na ikakatika." Alikuwa akisema taratibu, mkono bado uko kwenye chuma. "Miaka kumi na moja nimejua nimemwua mume wangu kwa mkono huu."

"Shemeji, mkono wa mafuta hauvunji krenki iliyo nzima. Ungesukuma mpaka kesho..."

"Sasa najua. Umeniambia Alhamisi. Kabla ya Alhamisi sikujua."

Unywele akajifuta jasho la kidevuni.

"Siku ya tatu ya msiba nilimwambia mama yako," aliendelea. "Nilimpigia magoti, nikamwambia, mama, ni mimi, niliongeza mafuta. Hakunijibu. Alinyanyuka akatoka. Tangu siku hiyo hakula chakula cha mkono wangu. Tuliishi nyumba moja miaka sita, akijipikia uji wake kwenye kisufuria chake, mpaka mikono ikawa inatetemeka anajiunguza, na nikitaka kumsaidia ananiondoa kwa kiwiko. Siku anakata roho niliomba nimpe maji. Akageuzia uso ukutani." Ndipo sauti yake ilipopasuka. "Na wewe ulikuwa unakuja kila Jumapili. Unakaa katikati yetu. Unakula chakula changu. Unamwona."

"Nilidhani ni majonzi," alisema Unywele. "Wallahi nilidhani ni majonzi. Nilikuwa nikiogopa kuuliza."

"Kumwua mdogo wako si kitu. Ilikuwa bahati mbaya, na alikupenda. Sina neno na kona yako." Akazima injini. "Nenda kamwambie mama yako."

"Shemeji, mama ameshakufa."

"Najua, nilimwosha mimi. Nenda kamwambie."

Akatugeuzia mgongo. Akachukua ufagio na kuanza kukusanya ule udongo ulioanguka, na alifagia kwa nguvu mpaka tukalazimika kutoka mlangoni kumpisha.

Makaburi ya kwao yako nyuma ya shule, si mwendo mrefu. Unywele alitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti madarasani, jua limekaa utosini. Kaburi lenyewe lilikuwa safi, limepaliwa karibuni, na nilifahamu ni nani anayelipalilia, naye nadhani alifahamu, kwa sababu alisimama muda mrefu akitazama zile nyasi zilizong'olewa.

Nikataka kurudi nyuma nimwachie nafasi. Akanishika upindo wa nguo yangu kama mtoto.

"Mama," alisema. "Ile krenki niliikata mimi kona. Mkweo hana kosa."

Upepo haukuvuma, hakuna kilichotikisika. Alingoja. Kisha akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayezungumza na mzee asiyesikia vizuri. "Mkweo hana kosa, Mama. Ni mimi." Akangoja tena, kichwa kimeinama upande mmoja. Aliendelea kurudia hivyo, kila mara kwa sauti zaidi, mpaka watoto darasani wakanyamaza na mwalimu akatoka nje kututazama.